Baraza za Moshi: Historia ya Mitaa Inayolizunguka Hekalu

Atokaye hekaluni asubuhi, baada ya arati, huingia moja kwa moja katika historia. Mbele yake ziko baraza za maduka ya zamani. Fundi cherehani amekwisha kuketi mahali pake, na jirani yake mama anageuza chapati. Mawingu yakijaalia, Kibo huonekana upande wa kaskazini.

Mji huu ni mtoto wa reli. Moshi ya kale ilikuwa mlimani, katika nchi ya Mangi. Reli ya kutoka Tanga ilipofika uwandani mwaka 1911, biashara iliteremka kuifuata. Wazee wetu waliotoka Gujarat walijenga duka mbele, makao nyuma au ghorofani, na baraza yenye kivuli mlangoni. Baraza ilimsitiri mteja na jua na mvua; ikawa pia karakana ya mafundi wanaoshona kanga na vitenge mpaka leo.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Utawala wa kikoloni uliyagawa makazi kwa rangi, na kwenye mizani ya kahawa mkulima Mchagga na mnunuzi Mhindi hawakuwa sawa sikuzote. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, wauze mazao yao kwa pamoja. Hilo nalo ni sehemu ya urithi wetu.

Lakini jiko halikuitii mipaka hiyo. Bajia, kachori na achari zilivuka mitaa, na leo chapati hupikwa Majengo hata Marangu bila mtu kuuliza asili yake. Nasi tuliipokea ndizi ya mlimani, tukaiunga kwa bizari na tui la nazi. Maneno nayo yalisafiri pamoja na vyakula: gari, laki na bima ni wageni wa Kihindi waliokwisha kuwa wenyeji.

Mwaka 1971 sheria ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Familia nyingi zilihamia Uingereza na Kanada. Wengine walibaki, wakawa wapangaji katika nyumba walizozijenga wenyewe. Wako majirani waliopata makao kwa njia hiyo, na kumbukumbu zao hazifanani na zetu. Zote mbili ni za kweli.

Sasa nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine, nao waliowajua wajenzi wake wanapungua. Jengo likianguka kabla ya kuandikwa, hufa mara mbili. Basi sikukuu hii na iwe mwanzo: mwenye picha ya zamani, hati ya duka, au kisa alichosimuliwa na bibi yake, awe mwanachama au jirani, akilete hekaluni tukiandike. Mlango uko wazi, na chai iko tayari.