Ugonjwa wa Taya Kandokando ya Ziwa

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini, na meno yamelegea. Burkitt hakupata kuona jambo kama hilo. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, na huko akamkuta mtoto wa pili mwenye uso kama ule. Mtu mwingine angalistaajabu kidogo akaenda zake. Yeye alirudi Kampala, akafungua madaftari ya hospitali akaanza kuhesabu.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, na angali mtoto alipoteza jicho moja. Kwa hilo moja lililosalia aliona jambo lililowapita wengi wenye macho mawili: kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni, ulioandikwa madaftarini kwa majina mbalimbali, ulikuwa saratani moja. Alichapisha habari hiyo mwaka 1958, wala haikusikilizwa sana.

Ndipo alipouliza swali ambalo wapasuaji hawana desturi ya kuliuliza: ugonjwa huu wakaa wapi? Kwa msaada wa paundi 25 tu alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akazipeleka kwa madaktari wa serikali na wa misheni barani Afrika. Kila jibu likawa alama katika ramani. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda motokaa kuukuu, wakaenda maili 10,000 hivi kwa majuma kumi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Waligundua kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikoma penye kimo cha futi 5,000 hivi. Mwanafunzi wa Nyanza anaweza kuuvuka mpaka huo kwa miguu yake. Homa Bay iko ukingoni mwa ziwa, na maji ya ziwa yako futi 3,700 hivi juu ya bahari. Ukipanda kutoka huko mpaka mji wa Kisii, umekwisha kupita futi 5,000. Kandokando ya ziwa, katika nchi iitwayo leo Migori na Homa Bay na siku zile Nyanza Kusini, saratani hii iliwapata watoto kuliko mlimani. Hata hivyo kimo chenyewe hakimdhuru mtu. Kimo kilikuwa kivuli cha joto na mvua. Na penye joto na mvua, pana mbu.

Burkitt alidhani kwamba mbu huchukua kirusi. Anthony Epstein, aliyemsikia akihutubia London mwaka 1961, akaomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wamekiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Lakini furaha hiyo ilileta fumbo jipya, kwa maana kirusi hicho kilionekana baadaye kuwa karibu kila mahali duniani, nacho huenezwa kwa mate wala si kwa mbu. Basi kwa nini mtoto wa Migori augue, na mtoto wa Stockholm mwenye kirusi kile kile asiugue?

Mwaka huo huo wa 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake, waliochunguza wagonjwa wa Kenya, walielekeza kidole kwenye malaria. Mjini Nairobi mpasuaji Peter Clifford alikuwa akiwatibu watoto hao kwa dawa, na baadhi yao walipona kwa dawa kidogo mno, hata ikafikiriwa kwamba mwili wenyewe ulisaidia. Alipeleka vipande vya uvimbe na damu kwa George Klein, Stockholm. Mwaka 1966 walionyesha kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa na kinga inayozishika seli za saratani yao wenyewe.

Jaribio kubwa lilifanywa Mara Kaskazini, Tanzania, jirani kabisa na Migori. Tangu 1977 hadi 1982 watoto walipewa klorokwini ili malaria ipungue. Saratani ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na vijidudu vya malaria vikazoea dawa. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio la kusikitisha kuliko yote katika habari hii: miaka mitano ya kazi, na hukumu haikutolewa.

Mwanga zaidi ulitoka Kenya mwaka 2007. Ann Moormann na wenzake waliwalinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria ya daima, na wa Nandi, penye malaria ya nadra. Kwa watoto wa Kisumu wa miaka mitano hadi tisa, askari wa mwili wanaopigana na kirusi kile walikuwa wamelegea.

Dawa za kuponya zipo tangu siku za Clifford. Lakini uvimbe huu waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili, na mtoto wa kisiwa cha Mfangano hana budi kungoja mashua kwanza, kisha gari la kwenda Kisumu.