Bao: Nyumba ikichongwa pasipo pake, mchezo umeharibika

Masasi na Newala, bao huchezwa popote palipo na kivuli: chini ya mwembe, kwenye baraza la duka, hata kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini. Uchongaji nao ni kazi ya wenyeji tangu enzi. Lakini si kila ubao unaouzwa unachezeka. Mwingine ni wa kutundika ukutani tu, na mnunuzi hulijua hilo akishafika nao kijiweni.

Ubao kamili ukoje?

Bao la kiswahili lina mashimo 32, yaani mistari 4 yenye mashimo 8 kila mmoja. Kila mchezaji ana mistari miwili, wa mbele na wa nyuma. Kete ni 64, kila mtu 32, na kwa kawaida ni komwe, zile mbegu ngumu za mkomwe.

Kwenye mstari wa mbele, shimo moja la kila mchezaji huchongwa la mraba. Hilo ndilo nyumba. Mchezo unaanza na kete 6 ndani ya nyumba, na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kuliani. Kete 22 zinabaki mkononi, zinaingizwa moja moja. Hatua hiyo huitwa namua.

Kosa dogo, hasara kubwa

Nyumba inatakiwa iwe shimo la 5 kuanzia kushoto kwa mchezaji, ambalo ni la 4 kuanzia kulia. Kwa kuwa wachezaji wameketi wakitazamana, nyumba mbili hazigongani uso kwa uso. Kila moja inatazama shimo tupu. Ndiyo maana mwanzoni hakuna wa kula, na anayeanza lazima atakate kwanza.

Sasa fundi asiyecheza bao anaona nyumba zikitazamana ndiyo zinapendeza. Akizichonga hivyo, anayeanza anatia kete moja tu kwenye nyumba yake na kula kete 6 za mwenzake papo hapo. Mwenzake anabaki na kete 4 ubaoni kabla hajagusa kitu. Hapo mchezo umeisha kabla ya kuanza.

Kina na upana

Nyumba hujaza. Yenye kete 6 au zaidi ina heshima yake: katika namua, mchezaji aliyekula akiangushia kete ya mwisho humo anaweza kulala au kusafiri. Kwa hiyo watu huilimbikizia, na kete zinapita 10 bila shida. Shimo likiwa dogo, kete zinamwagikia shimo la jirani, na mzozo unaanza.

Mashimo yenye kina kirefu nayo yana balaa lake. Kete za juu zinaficha za chini, na bao ni mchezo wa kuhesabu kwa macho. Anayedhani shimo lina kete 8 kumbe zipo 9, ya mwisho inaangukia asikotarajia. Ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Vilevile vidole vikishindwa kukomba zote, kete moja inasalia chini na hesabu nzima inavurugika.

Shimo zuri ni pana kiasi cha kuingiza vidole vinne, na kitako chake kimeviringika ili kete zijikusanye katikati.

Mti nao una neno

Mpingo una jina kubwa kwa vinyago, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ila shina lake kwa kawaida ni jembamba na limepinda, hivyo kipande kipana cha kutosha mashimo 32 ni adimu. Ubao wa mpingo mara nyingi utakuwa mdogo, na mashimo yake madogo. Kwa wa kuchezea kila siku, mninga au mkongo unatoa kipande kipana zaidi.

Mashimo yote yakiwa sawa

Mweso wa Uganda una mashimo 32 na kete 64 vilevile, lakini hauna nyumba. Ili kula, mashimo yote mawili ya mpinzani yanayotazamana na lako, la mbele na la nyuma, lazima yawe na kete. Idadi ni ileile, mchezo ni mwingine.

Ubao usio na shimo la mraba haujapotea bure. Unafaa kwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete 2 na nyumba haina kazi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi ahesabu mashimo yafike 32. Aketi upande mmoja na kuhesabu hadi shimo la 5 kutoka kushoto, kisha ahamie upande wa pili na kufanya hivyohivyo. La mraba lisipokuwepo pote pawili, ubao huo ni pambo. Mwisho, atie kete 15 ndani ya nyumba. Zikimwagika, amrudishie fundi.