Kiti ni cha Nani? Wabunge Waliohama Chama, 1964 na 1966

Kila tarehe 12 Desemba tunawasimulia watoto wetu habari za bendera, za Lancaster House na za Mzee Kenyatta. Lakini iko sura moja tusiyoisimulia sana, nayo ndiyo mwanzo wa maneno tunayoyasikia kila tukipiga simu nyumbani: "Mbunge wetu amehama."

Uchaguzi wa Mei 1963 ulileta bungeni vyama viwili vikubwa. KANU ya Jomo Kenyatta ilitaka serikali kuu yenye nguvu. KADU ya Ronald Ngala, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Daniel arap Moi, ilitetea majimbo. Baada ya uhuru, wabunge wa KADU walianza kuhamia KANU, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akatangaza bungeni kwamba chama kimevunjwa. Wakahamia upande wa serikali, bila kurudi kwanza kwa wapiga kura. KANU iliwapokea kwa mikono miwili, ikauita huo umoja wa taifa. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa Jamhuri.

Hata miaka miwili haikuisha, upepo ukageuka. Machi 1966, mkutano wa KANU wa Limuru uliondoa cheo cha Jaramogi Oginga Odinga chamani na mahali pake ukaweka makamu wanane wa mikoa. Aprili akajiuzulu umakamu wa rais, akaingia chama kipya cha KPU pamoja na wabunge wenzake, wakiwemo Bildad Kaggia na Achieng Oneko.

Safari hii kuhama hakukuitwa umoja. Bunge liliitwa upesi, na kabla ya Aprili kwisha Katiba ilikuwa imebadilishwa: mbunge anayekiacha chama kilichomsimamisha hupoteza kiti, arudi kwa wapiga kura. Waliotoka KADU hawakuguswa, kwa kuwa chama chao kilikuwa kimevunjwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Juni 1966 viti 29 vikapigiwa kura: 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. Ukijumlisha kura zote, KPU iliongoza, lakini ilipata viti 9 tu. Odinga alirudi na Bondo. Kaggia alishindwa Kandara, Oneko akashindwa Nakuru. Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Moi, aliyehama mwaka 1964, alikuwa tayari makamu wa rais; mwaka 1978 akawa Rais.

Je, sheria ile ilikuwa mbaya? Wazo lake lilikuwa jema: aliyetumwa akibadili njia, amuulize aliyemtuma. Ubaya ulikuwa kutungwa kwa ajili ya kuwakomoa watu fulani. Ndiyo maana wazo hilo limebaki hata katika Katiba ya 2010, kifungu cha 103. Wajanja nao wamejifunza: hubaki na jina la chama kilichowachagua huku wakifanya kazi na upande wa pili.

Hapa kwetu Minnesota sheria ya namna hiyo hakuna. Mwaka 1996 Norm Coleman, meya wa Saint Paul, alihama kutoka DFL akaingia Republican na kiti chake akabaki nacho. Wapiga kura walisubiri hadi 1997, kisha wakamchagua tena. Na uchaguzi wa 2024, uliomwingiza Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, katika Baraza la Wawakilishi la jimbo letu, uliligawa Baraza hilo 67 kwa 67. Katika hesabu kama hiyo, mtu mmoja akihama, wingi unahama naye.

Watoto wetu, mtapiga kura hapa, na wengine wenu mtagombea. Siku mbunge wenu akihama, msimuulize tu anakwenda chama gani. Muulizeni: kiti hicho ulipewa na nani?