Arap Koilegen, Ndugu Aliyepewa Mstari Mmoja

Sokoni Siongiroi, huku Chepalungu, gumzo ni maziwa na mahindi. Chai iko juu, upande wa Kericho. Lakini orgoiyot, kiongozi wa kiroho wa zamani, akitajwa mbele ya wazee, sauti hushuka.

Wakenya wanamjua Koitalel arap Samoei, orgoiyot wa Wanandi aliyepigwa risasi na afisa Mwingereza Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905. Fimbo zake za uongozi zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, vitabu humpa mstari mmoja: alishindwa, akakimbia. Ni dhuluma.

Ugomvi wa ndugu hao juu ya uongozi ulizaliwa na kifo cha baba yao, Kimnyole arap Turukat. Karibu mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimuua kwa marungu, wakimlaumu kwa njaa, kwa maradhi ya ng'ombe, na kwa uvamizi alioubariki, ambako mamia ya vijana hawakurudi. Kiti alichoacha hakikuwa cha mfalme. Orgoiyot hakuwa na jeshi lake. Alikuwa na maotik, wajumbe waliopeleka neno lake kwenye mabaraza, na nguvu yake ilitegemea nani yuko tayari kulisikia. Wanandi wakagawanyika kati ya ndugu hao, huyu na wake, yule na wake, hadi wakapigana. Kufikia 1895 Koitalel alikuwa ameshika kiti.

Hapo ndipo waandishi hufunga ukurasa, ilhali kwa Wakipsigis, wenyeji wa huku Chepalungu, ndipo unapofunguka. Koilegen alishuka kusini na wafuasi wake, na watu waliompokea wakamfanya orgoiyot wao wa kwanza. Mkimbizi gani hupokelewa hivyo? Waingereza hawakumdharau hata kidogo. Walimwita "laibon", neno la Wamaasai, wakamwona mchochezi, na mwaka 1914 wakamhamishia Fort Hall, yaani Murang'a ya leo. Alifia huko mwaka 1916. Ndugu wawili waliogombania kiti kimoja, dola moja ikawamaliza wote katika miaka 11.

Ukoo wao wa Talai haukusalimika. Kwa sheria ya mwaka 1934, watu karibu 700 walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria: wazee, akina mama, watoto. Waliporudi, uhuru ukikaribia, ardhi ilikuwa imeshikwa na wengine, na sehemu kubwa imefunikwa na chai. Wengi walibanwa kwenye vipande vidogo mjini Kericho, na madai yao ya ardhi hayajaisha mpaka leo.