Kitambaa cha Somo na Pedi ya Kiwandani

Mama anayesimama dukani leo na binti yake aliyevunja ungo mwezi uliopita ana maswali ambayo bibi yake hakuwa nayo. Kuna pedi zenye manukato na zisizo nayo, kuna pedi za kufua, kuna tamponi, kuna kikombe cha silikoni, na sasa kuna chupi zinazonyonya damu zenyewe. Wakati huohuo simu iliyo mkononi mwake imeshamwambia kwamba pedi zinaleta saratani, kwamba kikombe kinaondoa bikira, na kwamba kitambaa ni mambo ya kale. Anabaki kuuliza: kipi salama?

Nimeliweka swali hilo mbele ya mila tatu ambazo wanawake wa pwani yetu wamekutana nazo kwa namna moja au nyingine: mafunzo ya unyago, fikihi ya Kiislamu, na utamaduni wa mlaji uliokulia Marekani na Ulaya. Msimamo wangu nautanguliza. Madhara yaliyothibitishwa ya vifaa vya hedhi yamewapata zaidi wanawake waliofichwa jambo, au waliolazimika kulificha wao wenyewe.

Nianze na kwetu. Kwa Wazaramo, Wamakonde, Wayao, na kwa watu wa Unguja, mwari hakuachiwa ajifunze mwili wake kwa kubahatisha. Alipewa kungwi, au somo, mwanamke aliyekabidhiwa kazi hiyo na ukoo. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini Unguja walimjua pia kama somo wa unyago. Somo hakuhubiri. Alishika kitu mkononi akaonyesha. Kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika ilipasuliwa vipande, kipande kikakunjwa mara tatu kwa urefu, ncha zake zikapitishwa mbele na nyuma kwenye uzi wa kiunoni. Mwari akaambiwa kitambaa kiloekwe kwanza kwenye maji ya baridi, maana maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi. Ndipo kinasuguliwa kwa sabuni ya kipande na kusuuzwa hadi maji yatoke meupe. Aliambiwa na idadi ya vitambaa vya kuwa navyo, na namna ya kukaa, kutembea na kulala. Hakuna karatasi ya maelezo ndani ya pakiti yoyote inayofundisha kwa ukamilifu huo.

Ila baada ya kusuuza, somo alifundisha jambo jingine: kitambaa kisionekane. Kisionwe na baba, wala kaka, wala jirani. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki waliogopa kwamba adui akiipata damu ya mwanamke atamroga asizae. Kwa hiyo kitambaa kilianikwa chini ya kanga nyingine, au nyuma ya mlango wa chumba, au kikarudishwa chini ya godoro kingali na unyevu. Hapo ndipo usafi wote wa awali ulipopotea. Nguo yenye unyevu iliyofichwa gizani huzalisha bakteria na kuvu, na asubuhi inarudi mwilini.

Haya si ya pwani peke yake. Katika jimbo la Odisha nchini India, watafiti waliwachunguza wanawake 486 waliokwenda hospitali mbili, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Waliotumia vitambaa vya kufua walikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo na uke kwa wingi zaidi kuliko waliotumia pedi za kutupa. Wasomaji wengi huishia hapo na kukihukumu kitambaa. Mimi naomba tuendelee mbele kidogo, kwenye mambo yanayokizunguka: mahali mwanamke anapobadilishia, maji anayofulia, na mahali anapoanika. Pamba ileile iliyopigwa na jua kali la saa sita, ikakauka hadi ikakakamaa kidogo, ni kitu tofauti kabisa na pamba iliyokaa siku mbili chini ya godoro. Jua halina gharama, na pwani tunalo tele. Linalotuzuia ni macho ya watu uani.

Ukiitazama fikihi baada ya unyago, unaona tofauti kubwa ya sauti. Vitabu vya hadithi na vya sheria vina mlango mzima wa hedhi, na ndani yake maswali ya wanawake yameandikwa waziwazi ili yasomwe na kila mtu, mwanamume kwa mwanamke. Imepokewa kwa Asmaa binti Abu Bakr kwamba mwanamke alimwuliza Mtume afanyeje damu ya hedhi inapoipata nguo yake, naye akajibiwa jibu la kazi: aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha aswali nayo. Bi Aisha naye amepokewa akiwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Ninaposikia mtu akisema kwamba kuzungumzia hedhi mbele za watu ni kinyume cha maadili yetu, nawakumbuka wanawake wale, na namwomba aniambie maadili anayoyasema ameyatoa wapi.

Fikihi ilikuwa na lengo lake, nalo ni tohara na ibada. Haikukusudiwa kumwambia mtu kama kitambaa kina kuvu. Lakini imetuachia desturi ya kuuliza mbele za watu na kupata jibu lisilo na mafumbo, na desturi hiyo haikuingia barabara kwenye bafu zetu. Madrasa nyingi humfundisha msichana kuhesabu siku za hedhi na kuitofautisha na istihadha, yaani damu inayotoka nje ya siku hizo, na hazimfundishi mahali pa kuanika.

Sasa tuje kwa wale tunaodhani walishayamaliza mambo haya. Marekani, miaka ya sabini, kampuni ya Procter & Gamble ilitengeneza tamponi iliyoitwa Rely. Ndani yake mlikuwa na vipande vya sponji ya polista na chembechembe za kunyonya maji zilizotokana na selulosi, na sifa yake kuu ilikuwa kunyonya damu nyingi kwa muda mrefu. Kufikia mwaka 1980 wanawake vijana wenye afya njema walikuwa wakifika hospitalini na homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, upele mwekundu mithili ya ngozi iliyoungua na jua, na presha inayoporomoka. Chanzo kilikuwa sumu inayotolewa na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi huishi naye bila madhara. Tamponi yenye nguvu kubwa ya kunyonya, ikikaa ndani saa nyingi, ilimtengenezea mazingira ya kutoa sumu hiyo. Septemba 1980 Rely iliondolewa sokoni. Wanawake kadhaa walikuwa wameshakufa.

Tuangalie kilichokosekana pale. Wanawake wale walikuwa na maji ya bomba, vyoo vya kuvuta, daktari na duka la dawa mtaani. Walichokosa ni habari. Hakuna aliyewaambia kilichomo, wala kwamba kunyonya zaidi kunaweza kuwa hatari zaidi. Onyo la ugonjwa huo liliwekwa kwenye pakiti kwa amri ya serikali mwaka 1982, na vipimo vya pamoja vya uwezo wa kunyonya, ili neno "kubwa" la kampuni hii lilingane na "kubwa" la kampuni ile, vikasubiri hadi mwaka 1990. Hata vipimo hivyo hufanywa kwa maji ya chumvi. Mwaka 2023 watafiti wa Oregon walipochapisha majaribio ya vifaa vya hedhi kwa kutumia damu ya binadamu, walikuwa wakifanya jambo ambalo viwanda havikuona haja ya kulifanya kwa miongo mingi. Mimi naihesabu hiyo kuwa dharau.

Baada ya hapo hofu ya Magharibi ilihamia kwenye kemikali. Ufaransa, shirika la serikali linalosimamia usalama wa afya, ANSES, lilitoa ripoti mwaka 2018: pedi na tamponi zilikuwa na chembe za dioksini, viuatilifu na kemikali nyingine, kwa viwango vilivyo chini ya kikomo cha hatari. Likavitaka viwanda vizipunguze vyovyote iwavyo. Mwaka 2024 watafiti wa California walipima tamponi 30 wakakuta madini, yakiwamo risasi na aseniki. Utafiti huo ulipima yaliyomo ndani ya tamponi, haukupima yanayopenya mwilini, na anayeusambaza kwa kichwa cha habari cha saratani anawatia watu hofu ambayo watafiti wenyewe hawakuitamka. Lakini nawaelewa wanaoogopa. Mtu aliyefichwa mara moja ana haki ya kushuku mara ya pili.

Shaka hiyo ilifika kwetu mwaka 2019, wanawake wa Kenya walipofurika mitandaoni wakilalamikia kuwashwa, kuungua na kutoka vipele baada ya kuvaa pedi za kiwandani, na wakauliza kama pedi inayouzwa Nairobi ni sawa na inayouzwa Ulaya. Kitabibu, vipele hivyo huelezeka: tabaka la plastiki linalogusa ngozi, manukato, jasho, joto letu na msuguano wa mwendo mrefu. Hilo halifuti swali lao. Lilikuwa swali la wanawake wa Kiansari, limeulizwa hadharani, na lilistahili orodha ya yaliyomo ikiwa imechapwa kwenye pakiti.

Kikombe cha hedhi ndicho kifaa ambacho mila hizi tatu zinagongana juu yake. Chenyewe si kigeni kama tunavyodhani. Hataza ya Leona Chalmers huko Marekani ni ya mwaka 1937. Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule za msingi walipewa vikombe chini ya uangalizi wa wauguzi, wengine wakapewa pedi, na wengine wakaendelea na walivyovizoea. Hapakutokea hata mgonjwa mmoja wa ile sumu ya tamponi. Baadhi ya vikombe vilikutwa na bakteria wa kinyesi, hasa vya wasichana waliokuwa wameanza karibuni, ambao mikono yao haijazoea kunawa kabla ya kushika. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuta kikombe ni salama kwa jumla, ingawa visa vitano vya ugonjwa wa sumu vilikwisharipotiwa.

Kilichonivutia zaidi ni namna wasichana walivyojifunza. Wilaya ya Chitwan, Nepal, wachumi Emily Oster na Rebecca Thornton waligundua kwamba msichana aliyekuwa na rafiki mwenye kikombe aliweza kukitumia mapema kuliko mwenzake. Rafiki alimwonyesha. Ni kazi ya somo ileile, imerudi bila ngoma. Shirika linalogawa vikombe mia shuleni na kuondoka jioni limegawa nusu ya kifaa.

Kuhusu bikira, sipendi hofu ya wazazi ibezwe. Utando hutofautiana kwa kila msichana. Huweza kunyumbuka, huweza kuchanika kidogo. Familia isiyotaka kifaa cha kuingiza ndani isilazimishwe, kwani pedi na kitambaa vinatosha. Aliyekeketwa na kushonwa huenda akaumia, na asijaribu kikombe bila ushauri wa muuguzi. Mwenye kitanzi cha uzazi amwulize kwanza aliyemwekea, na kila mara abinye kitako cha kikombe kuondoa mvuto kabla ya kukitoa, kwa sababu kitanzi kinaweza kuvutwa pamoja nacho.

Nikiulizwa kipi nichague, jibu langu hutazama choo kwanza. Msichana anayesoma kutwa kwenye shule yenye choo cha shimo kisicho na maji wala mlango apewe pedi za kutupa, anayoivaa aibadilishe kila baada ya saa nne hadi sita, na shule iwe na mahali pa kuzichomea. Mwenye ua, sabuni na jua hana sababu ya kukionea haya kitambaa, wala pedi ya kufua. Apige pasi akiweza. Kikombe kinamfaa mwenye maji ya kunawa na sufuria ndogo ya kukichemshia, isiyopikiwa kitu kingine, na kwa miaka mingi kitamwokolea fedha. Tamponi ni ya saa nne hadi nane, yenye uwezo mdogo kabisa unaotosha damu ya siku hiyo. Manukato sioni kazi yake popote, na ndimu au sabuni ndani ya uke vinaharibu ulinzi ambao mwili umejiwekea.

Bei nayo ni usalama, maana pedi inayovaliwa tangu alfajiri hadi magharibi kwa kukosa ya pili haisaidiwi na ubora wa pamba yake. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018 ikairudisha mwaka 2019 kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Serikali ingeweza kumbana mfanyabiashara aliyeila nafuu hiyo. Mzigo ukarudishwa kwa mnunuzi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi: mfanyeni kila anayeuza kifaa cha hedhi Afrika Mashariki aandike yote yaliyomo, kwa Kiswahili, nje ya pakiti. New York ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2019. Na wewe dada, ukipata homa kali na upele ghafla ukiwa na tamponi au kikombe ndani, kitoe, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mwambie daktari ulikuwa umevaa nini.