Betty Nafula wa mpakani

Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Wasamia na Wateso wakagawanywa na mpaka. Majina ya binti zao hayakugawanyika. Nafula wa Busia, upande wowote, alizaliwa wakati wa mvua, sawa na Akoth wa Wapadhola wa Tororo. (Wa kiume ni Wafula na Okoth, tazameni herufi za mwanzo.) Ubatizo ukaleta Elizabeth, nyumbani likafupishwa kuwa Betty. Anayelipenda leo jina hilo la enzi za nyanya atafute la kati lenye uzito: Betty Nafula, Betty Akoth. Wapo wanaolikwepa Nanjala, la aliyezaliwa wakati wa njaa. Mimi ningelitunza, hasa likiwa la nyanyake mtoto.