Karatasi za Machifu

Wanafunzi wetu huuliza nchi yetu Kongo ilichukuliwaje. Sisi walimu twajibu: kwa karatasi. Kuanzia 1879 Stanley, mjumbe wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alikusanya mikataba ya machifu kandokando ya mto. Wengi hawakujua kusoma. Walichora msalaba tu mahali pa sahihi. Tarehe 1 Aprili 1884 machifu wa Ngombi na Mafela waliahidiwa kitambaa kimoja kila mwezi. Karatasi ikasema wametoa mamlaka yao milele. Kitambaa! Mwezi uleule Marekani ikaitambua bendera ya chama cha Leopold, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja. Mwami Msiri wa Bunkeya alikataa mkataba. Watu wa Leopold walimuua tarehe 20 Desemba 1891.